Janga linapofunga karakana: Jinsi ya kumwokoa mwanagenzi aliyekatiziwa mafunzo ya nyanjani

Na MWANDISHI WETU

MNAMO Jumapili, Machi 15, 2020, siku mbili tu baada ya Kenya kutangaza kisa chake cha kwanza cha virusi vya corona, Rais wa wakati huo, Bw Uhuru Kenyatta, aliamuru taasisi zote za elimu zifungwe. Shule za kutwa zilifungwa keshoye, za mabweni zikapewa muda hadi Jumatano, navyo vyuo vikuu na vyuo vinginevyo vikatakiwa viwe vimewaruhusu wanafunzi kwenda makwao ifikapo Ijumaa ya Machi 20.

Amri hiyo ilimlenga mwanafunzi aliye darasani. Hata hivyo, lilikuwepo kundi jingine ambalo asubuhi ya Jumatatu halikuwa darasani wala nyumbani. Hawa walikuwa wanagenzi wa vyuo vya kiufundi waliokuwa wametawanyika katika gereji, jikoni za hoteli, karakana za useremala, viwanda vya nguo na kwenye majengo yanayoendelea kujengwa, wakifanya mafunzo yao ya nyanjani. Chuo kilifungwa kwa amri ya serikali, mwajiri akafunga kwa kukosa wateja, naye mwanagenzi akasalia katikati, daftari lake la kumbukumbu za kazi likiwa limejazwa wiki tisa kati ya 12 zinazohitajika.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza mnamo Mei 2023 kwamba corona haikuwa tena dharura ya kimataifa ya afya. Lakini mwaka mmoja tu baadaye, Julai 2024, Kenya ilithibitisha kisa chake cha kwanza cha maradhi ya mpox katika Kaunti ya Taita Taveta. Mpox haikufunga vyuo, ila ilitukumbusha kwamba suala la majanga halijafika tamati. Kwa hivyo ni vyema kujiuliza sasa, kungali shwari: je, mafunzo ya nyanjani yakikatizwa tena, mwanagenzi atasaidiwa vipi?

Nyanjani si darasa

Mwanafunzi wa historia anaweza kusoma kitabu chake chini ya mwembe, akarejea chuoni akiwa hajapoteza mengi. Fundi wa umeme hafundishiki hivyo. Anaweza kukariri mpangilio wa rangi za nyaya hadi aufahamu fika, lakini ni siku atakayofungua kisanduku cha umeme katika jengo kuukuu ndipo atakapotambua kwamba fundi aliyemtangulia hakuzingatia rangi hizo hata kidogo. Vivyo hivyo, mwanafunzi wa upishi aliyezoea kuandaa chakula cha watu wanne katika jiko la chuo hajui maana ya kupika kwa ajili ya wageni 200 wanaotaka kula kwa wakati mmoja, hadi atakapoingia katika jiko la hoteli na kukemewa.

Sababu ya pili ni cheti. Katika kozi nyingi za vyuo vya kiufundi, mafunzo ya nyanjani huchukua takriban miezi mitatu, na ni sehemu ya masharti ya kuhitimu. Bila daftari lililotiwa saini na msimamizi na ripoti iliyopokelewa na mkufunzi, mwanagenzi hukwama hata kama amepita mitihani yote ya nadharia. Uzito huu umeongezeka tangu vyuo vilipoanza kutumia mtaala wa umilisi, unaosimamiwa na Baraza la Kuunda Mitaala, Kutathmini na Kutoa Vyeti (TVET CDACC), lililobuniwa chini ya Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Kiufundi ya mwaka 2013. Katika mtaala huo, swali si mwanafunzi anajua nini bali anaweza kufanya nini, na ushahidi wa kutenda hupatikana penye kazi.

Ipo pia sababu ya tatu ambayo haiandikwi katika mtaala wowote. Waajiri wengi humwajiri kijana ambaye wamemwona akifanya kazi kwao. Miezi hiyo mitatu ndiyo usaili mrefu kuliko wote, na anayekatiziwa katikati hupoteza nafasi ya kujulikana.

Tuchukue mfano wa msichana kutoka Makueni anayesomea utoaji wa huduma hotelini na ambaye amepata nafasi katika hoteli moja ya Mombasa. Hoteli haimlipi. Mzazi wake ameuza mbuzi ili apate nauli, kodi ya chumba kidogo cha Kisauni na pesa za bima. Kafyu ilipoanza Machi 27, 2020, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, zamu ya usiku ilikufa. Wiki iliyofuata hoteli ikafungwa. Mapema Aprili serikali ikapiga marufuku usafiri wa kuingia na kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale, sawa na ilivyofanya jijini Nairobi, na marufuku ya Mombasa hayakuondolewa hadi Julai 7. Msichana huyu angekuwa na miezi mitatu ya kodi asiyoweza kuilipa, katika mji asioweza kuutoka, akisubiri kazi isiyokuwepo. Mafunzo yatakapoanza upya, mbuzi wa pili atatoka wapi?

Kuna watakaosema kwamba hasara hii ni ndogo ikilinganishwa na maisha yaliyopotea. Ni kweli. Lakini wengi wa wanafunzi wa vyuo hivi hutoka katika familia ambazo haziwezi kulipia jambo moja mara mbili, na kwao mapumziko ya miezi sita huwa rahisi sana kugeuka kuacha masomo kabisa. Kijana hupata kibarua cha bodaboda, msichana huolewa au hubebeshwa kazi zote za nyumbani, na chuo kinapofunguliwa jina lake huitwa bila jibu.

Sekta hazikuumia sawa

Kosa lililofanyika mwaka 2020, kwa maoni ya mwandishi huyu, lilikuwa kuwachukulia wanagenzi wote kana kwamba wamepatwa na mkasa mmoja. Sivyo ilivyokuwa.

Utalii ndio ulioangamia zaidi. Wageni wa kimataifa waliozuru Kenya mwaka 2019 walikuwa zaidi ya milioni 2, ilhali mwaka 2020 idadi hiyo ilishuka hadi chini ya 600,000. Machi 22, 2020, serikali ilifunga baa na kuagiza mikahawa iuze chakula cha kubeba pekee. Hapo, hata mwajiri mwenye moyo mwema kiasi gani hakuwa na la kumfundisha mhudumu wa meza.

Kwa upande mwingine, vyerehani havikupumzika. Kiwanda cha nguo cha Kaunti ya Kitui, KICOTEC, na kile cha Rivatex mjini Eldoret viligeukia ushonaji wa barakoa. Mafundi wa ujenzi katika maeneo mengi waliendelea na kazi, wakulima hawakuacha kulima, na wasindikaji wa vyakula walikuwa na wateja. Mwanagenzi wa ushonaji wa mwaka huo alikuwa na uwezekano wa kupata kazi nyingi zaidi kuliko kawaida, iwapo tu kungekuwa na mtu wa kumwelekeza.

Nchini Uingereza, wanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa mwisho waliruhusiwa mnamo 2020 kujitolea kuendelea na mafunzo ya hospitalini huku wakilipwa mshahara, na saa zao zikahesabiwa katika masomo. Badala ya janga kuwakatizia mafunzo, likawa ndilo lililoyafupishia njia. Bila shaka hatari ilikuwepo, na ndiyo sababu jambo hilo lilikuwa la hiari.

Uchunguzi uliofanywa mwaka 2020 na Shirika la Kazi Duniani (ILO), UNESCO na Benki ya Dunia katika zaidi ya nchi 100 ulionyesha kwamba vyuo vingi vilijitahidi kuhamishia masomo mitandaoni, lakini mafunzo ya vitendo ndiyo yaliyokosa mbadala. Hapa kwetu tulijaribu hata vibofu. Julai 2020, vibofu vikubwa vya kampuni ya Loon vilianza kurusha intaneti kutoka angani hadi sehemu za magharibi na katikati mwa nchi. Kufikia Januari 2021 kampuni hiyo ilikuwa imetangaza kufunga biashara. Hata kama vingalikuwa vinapaa hadi leo, hakuna kibofu kinachoweza kumfundisha mtu kuchomelea chuma.

Wajibu wa chuo

Hatua ya kwanza haihitaji fedha nyingi: chuo kijue kila mwanagenzi yuko wapi. Katika wiki ya kwanza ya janga, afisa anayesimamia uhusiano wa chuo na viwanda anapaswa kuwa na orodha inayoonyesha mwajiri wa kila mwanafunzi, nambari ya simu inayopatikana, wiki alizokamilisha na umilisi ambao hajaufikia. Chuo kisicho na orodha hii hakiwezi kumsaidia yeyote. Kitabaki kutoa matangazo ya jumla kwenye ubao wa lango lililofungwa.

Pili, chuo kiulize umilisi gani umesalia, si wiki ngapi zimesalia. Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mwanagenzi wa umekanika aliyekatizwa katika wiki ya tisa huenda tayari ameshughulikia injini, breki na usukani, na amebakisha mfumo wa umeme wa gari peke yake. Huyu hahitaji kurudia miezi mitatu. Anahitaji majuma mawili kwa fundi wa umeme wa magari. Anayeambiwa aanze upya ameadhibiwa kwa kosa ambalo si lake. Mitaala ya moduli, ambayo serikali imekuwa ikihimiza vyuo viitumie katika miaka ya karibuni, inarahisisha jambo hili kwa kuwa kila sehemu ya kozi hutathminiwa kivyake.

Tatu, kalenda inaweza kupinduliwa. Nadharia iliyopangiwa muhula ujao isomwe sasa, kwa simu au kwa makaratasi, na mafunzo ya nyanjani yasukumwe mbele hadi viwanda vitakapofunguliwa. Wakufunzi wengi walitumia vikundi vya WhatsApp mwaka 2020, na hakuna ubaya wowote, mradi wakumbuke kwamba video ya dakika 20 humla mwanafunzi pesa za bando ambazo zingenunua unga. Sauti fupi na picha chache zinatosha kueleza mengi.

Vyuo vingine vina karakana zinazoshinda za mafundi wengi wa mjini. Sheria za afya zikiruhusu, wanagenzi wanaweza kuitwa kwa makundi madogo na kupewa kazi halisi yenye mteja halisi: kushona sare za shule jirani, kutengeneza madawati, kukarabati magari ya kaunti. Baadhi ya vyuo vya kiufundi nchini vilishona barakoa na kutengeneza vitakasa mikono wakati wa corona. Kazi kama hiyo ikisimamiwa vyema na kuandikwa katika daftari, sioni sababu ya kutoitambua kama sehemu ya mafunzo ya nyanjani. Lakini kuiga kazi kuna mipaka yake. Mteja wa kuigiza hakasiriki, na gari la chuo lililofunguliwa na kufungwa mara 100 halina kutu ya kweli.

Ipo hazina nyingine ambayo vyuo huidharau, nayo ni jua kali. Kampuni kubwa zilipofunga milango, mafundi wa Gikomba, Kamukunji na vichochoro vya kila mji waliendelea kugonga vyuma. Vyuo husita kuwapeleka wanagenzi huko kwa sababu fundi hana muhuri, hana bima na pengine hana vyeti vya masomo. Pingamizi hizi zina majibu. Mafundi wengi wa jua kali wamefanya majaribio ya ufundi ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA), ambayo hupanga mafundi kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza. Hao ndio waanze kutafutwa. Bima inaweza kulipiwa na chuo kwa kundi zima. Nao mkufunzi, badala ya kumzuru mwanagenzi mara moja au mbili kama ilivyo desturi, amzuru mara kwa mara na ndiye athibitishe kilichofanyika. Kwa kuwa fundi mmoja huenda anatengeneza aina moja tu ya kazi, mwanagenzi anaweza kugawiwa kwa mafundi wawili au watatu kwa zamu.

Mwajiri na mfuko wake

Ni rahisi kuwalaumu waajiri kwamba huwafukuza wanagenzi kwanza mambo yanapoharibika. Lakini mwenye gereji aliyewapunguza mafundi wake kutoka wanane hadi watatu hana mtu wa kumsimamia mwanafunzi, na akiambukizwa mtu kazini lawama itakuwa yake. Anayetaka mwajiri huyu afungue mlango hana budi kumpa sababu.

Ujerumani, ambayo mfumo wake wa mafunzo humgawa mwanagenzi kati ya shule na kampuni, ilitambua hilo mapema. Kuanzia Agosti 2020, serikali ya nchi hiyo ilizilipa kampuni ndogo na za kadri zilizoathirika Euro 2,000 kwa kila nafasi ya uanagenzi iwapo hazikupunguza idadi ya nafasi hizo, na Euro 3,000 kwa kila nafasi ya ziada. Mwaka uliofuata malipo hayo yaliongezwa maradufu. Uingereza nayo, kuanzia mwezi uo huo, iliwalipa waajiri Pauni 2,000 kwa kila mwanagenzi mpya aliye chini ya umri wa miaka 25.

Kenya haina mfuko wa ukubwa huo, lakini haikosi pa kuanzia. Waajiri hutozwa ada ya mafunzo ya viwandani ya Sh50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi, na fedha hizo husimamiwa na NITA. Sehemu yake ikitengwa mapema kwa ajili ya dharura, inaweza kulipia bima, barakoa na nauli ya wanagenzi wanaohamishwa kutoka sekta iliyofungwa hadi iliyo wazi. Aidha, sheria ya kodi ya mapato humpa nafuu mwajiri anayewachukua wahitimu wasiopungua 10 kuwa wanagenzi kwa kipindi cha miezi sita hadi 12; nafuu hiyo ilianza kwa wahitimu wa vyuo vikuu na ikapanuliwa kupitia Sheria ya Fedha ya 2021 ili iwajumuishe wa vyuo vya kiufundi. Tatizo ni kwamba inamhusu aliyekwisha kuhitimu, wala si yule anayetafuta wiki tatu zilizobaki ili ahitimu. Isitoshe, ni gereji gani ya Nakuru au Kakamega inayoweza kuwaajiri vijana 10 kwa mpigo? Sharti hilo humfaidi mwajiri mkubwa, ilhali ni mdogo anayebeba wanafunzi wengi.

Mwanagenzi ajisaidie vipi

Mwanagenzi naye asikae kitako akingoja barua. Siku anapoambiwa kazi imesimama, kabla hajaondoka, aombe msimamizi atie saini kurasa zote zilizojazwa na aandike barua fupi inayotaja tarehe ya kuanza, tarehe ya kukatizwa, sababu na kazi alizofundishwa. Wengi hawakufanya hivyo mwaka 2020. Waliporudi miezi kadhaa baadaye walikuta msimamizi ameachishwa kazi, au biashara imegeuka duka la nguo, wakakosa hata mtu wa kuthibitisha kwamba waliwahi kufika pale. Picha za kazi alizofanya, zikiwa na tarehe, ni ushahidi mzuri wa kuweka katika kabrasha lake; ila aombe ruhusa kabla ya kupiga picha katika majengo ya mwajiri.

Atakapokuwa nyumbani, asikatae kazi ndogo. Mwanagenzi wa mabomba anayemtengenezea jirani mfereji, au wa ushonaji anayerekebisha sare za watoto wa kijiji, anadumisha wepesi wa mkono. Amweleze mkufunzi wake kila anachofanya. Na iwapo anapokea mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB), aulize chuo mapema jinsi kucheleweshwa kwa kozi kutakavyoathiri mkopo huo, badala ya kugundua siku ya kudaiwa.

Jambo moja la kuepukwa ni matapeli. Panapokosekana nafasi hujitokeza watu wanaouza barua na daftari zilizokwisha kupigwa muhuri. Ni udanganyifu unaoweza kumnyima mtu cheti, na hata ukipita, siku moja atapewa mashine asiyowahi kuigusa mbele ya watu wanaoamini kwamba anaijua.

Wazazi pia wana lao. Kijana aliyerudi nyumbani kabla ya wakati hajashindwa masomo, na hafai kupangiwa maisha mengine kana kwamba chuo kimekwisha. Amwachie angaa saa mbili kwa siku za kusoma na kufanya mazoezi, hasa msichana ambaye jiko, maji na wadogo zake humngoja kila anapogeuka.

Kisha siku ya kurejea kazini itawadia, nayo ina hatari zake. Mwanagenzi aliyekaa miezi sita bila kugusa msumeno wa umeme asirudishwe kwenye msumeno huo asubuhi ya kwanza. Apewe siku kadhaa za kukumbushwa kanuni za usalama, aangaliwe akifanya kazi nyepesi, kisha ndipo aachiwe nzito. Wiki alizofanya kabla ya kukatizwa zihesabiwe, umilisi uliosalia uorodheshwe, na tarehe mpya ya kumaliza iandikwe katika barua itakayotiwa saini na mwajiri, chuo na mwanagenzi mwenyewe kabla hajavaa ovaroli.